Dhamana ya Mpendekezaji: Filamu, Machimbo na Intaneti katika Misitu ya Walikale

Kupendekezeana filamu ni tendo linalogusa watu watatu: anayependekeza, anayependekezewa, na yule aliyeitengeneza filamu yenyewe, ambaye mara nyingi yuko mbali na hajui kwamba kazi yake inazungumzwa. Anayependekezewa ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu kitu kitakachochukua saa mbili za maisha yake pamoja na sehemu ya fedha zake. Mtengenezaji ana haki ya kuona kazi yake ikielezwa kwa usahihi na kulipiwa pale inapowezekana. Naye anayependekeza ana heshima yake, ambayo huiweka rehani kila anaposema kwamba filamu fulani inafaa kutazamwa. Kurasa hizi zinatetea hoja kwamba pendekezo la filamu ni dhamana, na kwamba watu walioishi mahali ambapo filamu ilipatikana kwa shida waliielewa dhamana hiyo kwa kina kuliko mfumo wowote wa kompyuta uliobuniwa baadaye.

Mahali panapohusika hasa ni Omate, machimbo ya dhahabu yaliyomo katika Walikale, mojawapo ya teritware, yaani maeneo ya utawala yaliyo chini ya jimbo, za Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kama ilivyokuwa kwenye machimbo mengine ya ukanda huo, kwa mfano Bisie panapotoka kasiteriti, ambayo ni mawe ya bati, na Rubaya upande wa Masisi panapotoka koltani, watu waliofuata riziki Omate walitoka kila upande: Wanyanga, Wakano na Wakumu wenye asili ya Walikale, Wahunde na wasemaji wa Kinyarwanda kutoka Masisi, Wanande kutoka Beni na Butembo, Washi na Warega kutoka Kivu ya Kusini, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kufanya kazi, kufanya biashara na kustarehe pamoja. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliishi miongoni mwa watu hao kabla ya kuhamia Goma, na mambo anayoyaeleza yanahusu zaidi desturi za wengi kuliko maisha yake mwenyewe.

Nani humchagulia nani

Historia ya filamu nchini Kongo ilianza kwa mapendekezo ambayo mtazamaji hakuweza kuyakataa. Chini ya utawala wa Ubelgiji, sheria iliwazuia Waafrika kuhudhuria maonyesho ya filamu isipokuwa zile zilizopitishwa kwa ajili yao na kamati ya ukaguzi, na baada ya Vita Kuu ya Pili wamisionari walipewa nafasi kubwa katika utengenezaji wa filamu za kuwafunza wenyeji. Kule Bukavu, Mapadri Weupe waliendesha kwa kusudi hilo shirika lililoitwa Africa Films. Mtazamaji wa zama hizo aliletewa kile ambacho wakubwa waliamua kwamba kinamfaa, na hakuna aliyerudi baadaye kumuuliza kama kweli kilimfaa.

Kanda za video, na baada yake diski, ziliuhamishia uamuzi huo mikononi mwa watu wenyewe. Katika machimbo ya Walikale chumba cha video kilikuwa jengo la mbao lililoezekwa kwa shitingi, yaani turubai nzito la plastiki, na ndani yake kulikuwa na televisheni moja, mashine ya kuchezesha diski, mabenchi ya magogo yaliyochongwa, na nje yake jenereta, ambayo Wakongo wengi huiita grupe. Mafuta ya grupe yalikuwa ghali, kwa sababu bidhaa nyingi zilizotumiwa machimboni zililetwa kutoka Goma kwa ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha barabara ya lami kule Kilambo, kisha zikasafirishwa kwa pikipiki, na hatimaye zikabebwa migongoni mwa watu kwenye njia za msituni ambako hakuna chombo kilichoweza kupita. Kwa hiyo kila filamu iliyooneshwa ilikuwa imekwisha kugharimu mafuta, nauli na jasho la mbebaji kabla mtazamaji wa kwanza hajaketi, na mwenye chumba aliyechagua vibaya alikula hasara isiyofidiwa na mtu.

Mbele ya chumba palisimamishwa ubao, na juu yake mwenye chumba aliandika kwa chaki majina ya filamu za siku au, pale ambapo jina la filamu halikufahamika, jina la stelingi, yaani mhusika mkuu ambaye watazamaji humtarajia ashinde: Rambo, Van Damme, Jackie Chan, Aki na Ukwa, Kanumba. Hata hivyo ubao ulikuwa tangazo tu, na pendekezo lenyewe lilitolewa kwingine. Walioitazama filamu usiku waliisimulia asubuhi kwa wenzao, wakati kundi likisubiri zamu ya kuingia shimoni au likiwa mtoni likiosha mchanga wa dhahabu, na simulizi hilo la asubuhi lilikuwa na kanuni ambazo kila mmoja alizijua ingawa hakuna aliyeziandika. Msimulizi alieleza chanzo cha ugomvi, akataja deni au usaliti ulioanzisha kisa, akasifu pigano moja au mawili, kisha akanyamaza kabla ya mwisho, kwa kuwa aliyefichua mwisho wa filamu alihesabiwa kuwa amemnyima mwenzake kitu alichokuwa karibu kukilipia.

Aliyesifu filamu mbovu aliwajibika mara mbili. Kwanza aliwajibika usiku uleule, kwa sababu wale aliowashawishi walikuwa wameketi naye kwenye benchi moja, na manung'uniko yao aliyasikia kwa masikio yake. Pili aliwajibika katika siku zilizofuata, kwa sababu sauti yake ilipungua uzito, na watu wakaanza kumsikiliza mwingine. Kwa upande mwingine, mchimbaji aliyejulikana kwa kupendekeza vizuri alipata hadhi ambayo haikutegemea kiasi cha dhahabu alichopata: watu walimngoja aamue, na hata mwenye chumba alimwita atazame vipande vya diski mpya kabla ya kuziandika ubaoni. Funzo la kwanza linalotokana na kumbukumbu hizo ni kwamba pendekezo huwa na thamani pale ambapo mtoaji wake anaweza kuulizwa na kulijibia.

Msimulizi aliyekaa kati ya filamu na watu

Filamu nyingi zilizofika machimboni zilisema Kiingereza, Kichina au Kihindi, lugha ambazo wachache sana walizielewa, na hata zile za Kifaransa zilimwacha nje mtu ambaye hakusoma shule. Tatizo hilo lilitatuliwa katika Afrika Mashariki yote kwa njia inayofanana: msimulizi huifuata filamu kwa sauti yake mwenyewe, huku akitafsiri maneno ya wahusika, akieleza mambo ya ugenini na kuwapa wahusika maneno ambayo watazamaji wangeyatumia. Nchini Tanzania sifa ya kazi hiyo ilienda kwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Nchini Uganda VJ Jingo alijenga jina lake kwa kutafsiri kwa Kiganda. Na nchini Kenya DJ Afro aliwavutia watu wa mijini na vijijini kwa Kiswahili chenye ladha ya mitaani. Diski zenye sauti za Kiswahili zilivuka mpaka na kuingia Kivu pamoja na nguo na sabuni, na ilikuwa kawaida kabisa kwa watu kupendekezeana tafsiri badala ya filamu, wakisema kwamba filamu fulani isitazamwe mpaka ipatikane ile yenye sauti ya msimulizi wanayempenda.

Katika nchi ya Wanyanga desturi hiyo ilikuta mizizi mirefu. Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Walikale, alitoa utendi mzima wa Mwindo kwa muda wa siku 12, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Kutoa kisa chote kwa mfululizo namna hiyo hakukuwa kawaida. Msimulizi wa karisi, yaani utendi wa Kinyanga unaosimuliwa na kuimbwa, kwa desturi alitoa kipande kimoja au viwili kwa wakati mmoja, mbele ya wasikilizaji walioitikia nyimbo, waliopiga ala na kumtuza kwa zawadi. Uteuzi wa kipande ulikuwa sehemu ya ufundi wake, na wasikilizaji walikuwa mbele yake wakati wote, kwa hiyo aliweza kurefusha, kufupisha au kubadili kadiri alivyoona nyuso zao.

Haifai kudai kwamba wasimulizi wa video walijifunza kazi yao kutoka kwa wasimulizi wa karisi, kwa kuwa njia walizopitia ni tofauti. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba watu wa Walikale hawakuhitaji kufundishwa kwamba hadithi ndefu hutolewa vipande vipande, wala kwamba mtu anayeitoa anapaswa kuwajua wanaoipokea. Funzo la pili ni hili: filamu humfikia mtu kupitia mtu mwingine, na kadiri huyo wa kati anavyoijua filamu na anavyomjua mpokeaji, ndivyo pendekezo linavyokuwa na manufaa.

Kumjua anayependekezewa

Kumjua mpokeaji kuna maana nzito katika nchi ambayo imeona vita kwa zaidi ya miaka 30. Mauaji ya soko la Ntoto, huko Walikale, mwezi Machi 1993, yalifungua kipindi cha umwagaji damu kilichoenea Masisi; miaka iliyofuata ilileta makundi ya silaha yasiyohesabika kwa urahisi; mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010 mamia ya wanawake, pamoja na wanaume na watoto, walibakwa katika vijiji vya eneo la Luvungi; tarehe 4 Januari 2025 mji wa Masisi uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na tarehe 19 Machi mwaka huohuo ikawa zamu ya Walikale, mji ambao waasi hao waliuacha mwanzoni mwa Aprili. Mtu anayependekeza filamu ya vita katika nchi ya namna hiyo anazungumza na watu ambao baadhi yao wamelala msituni wakisikiliza milio ileile anayoisifu.

Jambo hili lilionekana wazi katika vyumba vya video. Vijana wengi walipenda filamu za mapigano na hawakuona tatizo, pengine kwa sababu stelingi wa filamu hizo hushinda, na ushindi wa namna hiyo walikuwa hawajauona katika maisha yao. Lakini walikuwepo pia watu wazima waliotoka nje mara tu bunduki zilipoanza kulia kwenye televisheni, wakarudi baadaye bila kueleza lolote, na hakuna aliyewacheka. Mpendekezaji mwenye busara alijua ni nani kati ya wenzake aliyepoteza ndugu, ni nani aliyetoka utumwani kwa wapiganaji, ni mama gani asiyepaswa kuwekewa kisa chenye ubakaji ndani yake, na kwa watu hao alichagua vichekesho vya Nigeria, filamu za mapenzi za Kihindi au filamu za karate ambazo mapigano yake hayafanani na vita vya bunduki. Wanawake, ambao hawakuingia sana katika vyumba hivyo kwa sababu ya ulevi na maneno ya ovyo, walikuwa na mtandao wao wa mapendekezo nyumbani na sokoni, wakipeana filamu za Nigeria na tamthilia za mfululizo zinazohusu ndoa, wivu, mirathi na wakwe, na wakizijadili kwa namna iliyowasaidia kuzungumza juu ya ndoa zao wenyewe pasipo kumtaja mtu.

Kampuni za kisasa za kuonesha filamu huweka alama za umri na maonyo ya ukatili mwanzoni mwa filamu, na hatua hiyo inastahili kusifiwa, kwa maana chumba cha video hakikuwa na ulinzi wa kuaminika kwa watoto. Lakini onyo la jumla huwasemea watu wote kwa pamoja, ilhali jeraha ni la mtu mmoja mmoja. Funzo la tatu ni kwamba swali la kama filamu ni nzuri hutangulizwa na swali jingine: ni nzuri kwa nani, na kwa wakati gani wa maisha yake.

Kadi ya kumbukumbu

Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2011; wachimbaji wengi waliondoka, na vyumba vya video vilivyowategemea vikakosa watazamaji. Machimbo yalifunguliwa tena, lakini katika miaka iliyofuata simu za bei nafuu zenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu zilienea mpaka misituni, na filamu ikahama kutoka chumba cha pamoja kwenda mfukoni mwa kila mtu. Katika kila kituo cha biashara palikuwa na kibanda chenye kompyuta, pano ya kukusanya umeme wa jua na kijana aliyepakia nyimbo na filamu kwenye kadi za wateja kwa faranga chache, na kijana huyo akawa mrithi wa yule mwenye chumba aliyeandika kwa chaki: mteja alimweleza anachopenda, naye akachagua.

Hesabu ya kadi inaeleza kwa nini njia hii ilishinda. Filamu iliyobanwa ili itoshe kwenye simu huweza kuchukua takriban MB 400, kwa hiyo kadi ya GB 8 hubeba filamu kama 20, na filamu hizo hutazamwa tena na tena pasipo gharama nyingine isipokuwa ya kuchaji simu. Utiririshaji, yaani kutazama filamu moja kwa moja kupitia intaneti pasipo kuihifadhi kwanza, una hesabu nyingine: kwa makadirio ya kampuni ya utiririshaji ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha za ubora wa kawaida hutumia takriban GB 0.7, na za ubora wa juu takriban GB 3, hivyo filamu moja ya saa mbili humaliza GB 1.4 hata pale mtazamaji anaporidhika na ubora huo wa kawaida. Kwa mtu anayenunua mega, kama Wakongo wanavyoviita vifurushi vya intaneti, kidogo kidogo ili apate ujumbe wa jamaa zake na habari za usalama wa barabara, kiasi hicho ni kikubwa mno, na mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kilima kimoja tu hesabu yenyewe haina maana.

Kadi ilikuwa na adabu yake. Watu wawili walipokutana walikaa karibu, wakafungua Bluetooth au programu ya kurushiana mafaili kama Xender, na kila mmoja akapitia orodha ya mwenzake akiuliza maswali: hii inahusu nini, inaisha vizuri, ina tafsiri? Kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, kupokea filamu mpya kulimlazimu mpokeaji kufuta nyingine, kwa hiyo yeye pia alilipa, na kabla ya kufuta alitaka kuhakikishiwa kwamba anachokipata kinazidi anachokipoteza. Kubadilishana kulikuwa kwa pande mbili: aliyepokea bila kutoa alionekana mchoyo, na aliyetoa alitarajia kuulizwa baadaye, au yeye mwenyewe kuuliza, kama filamu ilimpendeza mwenzake. Vita vilipofukuza watu, maktaba hizo zilikimbia pamoja na wenye simu, zikafika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani na kuanza kugawanywa upya kwa majirani wapya.

Desturi hii ilikuwa na dhara ambalo haifai kulificha. Kila nakala iliyopita kutoka kadi hadi kadi ilimpita mtengenezaji pasipo kumwachia chochote, na waliopata hasara kubwa zaidi walikuwa watengenezaji wa Kiafrika, ambao hawakuwa na soko jingine la kuwafidia. Steven Kanumba, nyota wa filamu za Tanzania aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, aliombolezwa hata Kivu, na watu waliozijua filamu zake kwa moyo hawakuwa wamewahi kuona mahali pa kuzilipia. Upendo wao ulikuwa wa kweli, lakini haukuonekana katika hesabu yoyote, na jambo hilo la kutoonekana ndilo linaloiunganisha kadi ya Omate na kampuni kubwa za Marekani.

Algoriti na wasiohesabiwa

Netflix ilianzishwa mwaka 1997 kama huduma ya kukodisha diski kwa njia ya posta, ikaanza utiririshaji mwaka 2007, na mwezi Januari 2016 ikafungua huduma zake katika nchi 130 zaidi, nyingi za Afrika zikiwemo. Msingi wa huduma hiyo ni algoriti, yaani mfululizo wa kanuni ambazo kompyuta huzifuata ili kufikia uamuzi, na kanuni ya asili ya mapendekezo ni rahisi kuieleza: kompyuta hutafuta watu waliotazama na kupenda yale ambayo mteja huyu ameyapenda, kisha humletea yale ambayo watu hao waliyapenda na yeye hajayaona. Kampuni hiyo ililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba mwezi Oktoba 2006 ilitangaza shindano lenye zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha usahihi wa mapendekezo yake kwa asilimia 10, na zawadi hiyo ikatolewa mwezi Septemba 2009.

Ubora wa njia hii hauna shaka. Mtazamaji aliye peke yake katika mji mgeni, asiye na jirani anayependa anachokipenda, hupata kupitia kwayo filamu ambazo asingezisikia kamwe, na Mkongo aliyeko Montreal au Brussels anaweza kuletewa filamu kutoka Lagos na Seoul jioni moja. Hata hivyo algoriti hujifunza kutoka kwa wale tu wanaoacha alama ndani ya mfumo. Mchimbaji wa Omate aliyeitazama filamu mara nyingi kwenye kadi, akaipendekeza kwa kundi zima la shimo lake na kuikariri mpaka maneno ya mwisho, hajawahi kuwa sehemu ya hesabu hiyo, na wala lugha yake, huzuni zake na vichekesho vyake havimo. Maamuzi ya fedha hufuata hesabu ileile: Amazon ilipotangaza mwezi Januari 2024 kwamba inapunguza uwekezaji katika filamu za Afrika, watazamaji wa kadi na wa vyumba vya video hawakuwa na namna ya kuingia katika mizani, kwa kuwa kampuni hupima waliojiandikisha na kulipa.

Mfano ulio karibu zaidi ni filamu ya hali halisi iitwayo Virunga, iliyoongozwa na Orlando von Einsiedel na kutolewa na Netflix mwezi Novemba 2014. Filamu hiyo inaonesha walinzi wa hifadhi ya Virunga, sokwe wa milimani, kampuni ya mafuta ya Uingereza iliyoitaka ardhi ya hifadhi, na vita vya M23 vya mwaka 2012, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2015. Watu wa mabara mengine walipendekezewa kisa cha Kivu ya Kaskazini wakiwa kwenye viti vyao, ilhali wengi wa wakazi wa Kivu ya Kaskazini walikuwa hawana akaunti, wala kadi ya benki ya kuifungulia. Jamaa walioko ng'ambo walituma viungo vya filamu kupitia WhatsApp wakiwa na nia njema kabisa, na viungo hivyo vikabaki bila kufunguliwa. Kibali cha Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ambayo serikali ya Kongo iliiruhusu mwezi Mei 2025, huenda kikafupisha umbali huo kwa wenye uwezo, lakini funzo la nne litabaki palepale: pendekezo lisilofikika ni taarifa tu, na anayempenda mwenzake humtafutia pia njia ya kuifikia filamu.

Namna ya kupendekeza

Kutokana na hayo yote inawezekana kuieleza namna njema ya kupendekeza filamu katika zama hizi, na mfano mmoja unatosha kuionesha. Filamu ya Dieudo Hamadi iitwayo En route pour le milliard, iliyoteuliwa katika tamasha la Cannes mwaka 2020, inawafuata manusura wa vita vya siku sita, ambavyo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani mwezi Juni 2000, wakiteremka mto Kongo kwa boti kwenda Kinshasa kudai fidia yao. Inamfaa mtu anayetaka kuona Wakongo wa kawaida wakizungumza Kiswahili na Lingala na kusimamia haki yao wenyewe. Inawahusu watu wa Walikale kwa karibu, kwa kuwa barabara yao ndiyo iendayo Kisangani. Lakini inaonesha waziwazi miili iliyokatwa viungo, kwa hiyo haifai kuwekewa mtu ambaye jeraha lake bado ni bichi, na ni bora itazamwe na watu kadhaa pamoja ili baada yake wapate kuzungumza. Maelezo hayo mafupi yanataja ni nani anayefaidika, kwa sababu gani, na kwa tahadhari gani, mambo ambayo orodha ya filamu kumi bora haiwezi kuyasema.

Watazamaji wa Kiswahili wana kazi ya pili, nayo ni kuzipendekeza kazi za kwao kabla hazijafunikwa. Filamu nyingine ya Hamadi, Maman Colonelle, inayomfuata afisa wa polisi Honorine Munyole akiwatetea wanawake na watoto, ilioneshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2017 na ingali haijulikani kwa wengi wanaoishi katika miji inayozungumziwa ndani yake. Na kule Goma kituo cha utamaduni cha Yole!Africa, chini ya mwongozaji Petna Ndaliko, kimewafundisha vijana kutengeneza filamu na kuzionesha mbele ya watu wa mji wao. Kazi za namna hiyo hazitaletwa mbele ya Waswahili na kompyuta iliyojifunza kwa wengine. Zitaletwa na mtu anayemwambia ndugu yake jina la filamu, sababu ya kuitazama na mahali pa kuipata kwa njia inayomwachia mtengenezaji haki yake.

Kwa hiyo msomaji anaombwa afanye jambo dogo linalowezekana leo. Achague filamu moja ya Kiafrika anayoiamini, amfikirie mtu mmoja anayemjua vizuri, amweleze kwa sentensi chache kwa nini inamfaa yeye na ni wapi atakapoumia, amsaidie kuipata na kuilipia, kisha baada ya siku chache arudi kumuuliza ameionaje, akiwa tayari kusikia jibu.